Afisa wa Magofu

Alhamisi asubuhi, bila taarifa, mgeni aliingia mtaani Masasi na kizibao cha kung'aa na kopo la rangi nyekundu. Aliitwa Twahiru. Kazi yake, kwa heshima zote, ilikuwa uongo. Alipoliona gofu la mzee Rajabu, nyasi sebuleni lakini bati nzima na milango ya mninga, alisisimka kama mtumishi wa umma aliyeuona wajibu. Akachora X kubwa ukutani.

Rajabu, mnunuzi wa korosho aliyelitelekeza gofu miaka tisa akingoja bei ya kiwanja ipande, alifika akihema.

"Linabomolewa," Twahiru alisema kwa huzuni ya kiofisi. "Gharama ni zako. Labda ofisi ichukue bati na milango kama kielelezo, ndipo gharama zihamie kwetu."

"Mimi silipi?"

"Hata senti."

"Beba, kijana. Beba na madirisha."

Jirani wa gofu hilo, mjane Mama Pendo, akatoka jikoni, alikokuwa amesikia yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ukuta huu umeinamia chumba ninacholala. Nimepeleka halmashauri barua nne, wewe ndiye wa kwanza kuja. Mnauangusha lini?"

"Jumamosi," alijibu Twahiru, ambaye Jumamosi angekuwa Newala akiuza bati.

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Jumamosi asubuhi, Twahiru na mwenzake Dastani walipita pale na kirikuu, kigari cha mizigo cha Dastani, kikiwa kimesheheni bati na milango ya gofu. Kitanda cha Mama Pendo kilikuwa nje, pamoja na masufuria na picha ya marehemu. Mwenyewe alikaa juu ya godoro, kitambaa puani, tayari kwa vumbi. Akampungia Twahiru mkono.

Twahiru akautazama ukuta. Kwa kuwa paa alikwisha kulitoa yeye, mvua moja ingeulaza juu ya kitanda kile kikirudi ndani.

"Simama, Dastani. Nipe saa mbili."

"Wateja wa Newala hawana saa mbili. Ukishuka, mimi naondoka, na mzigo uko kwangu. Fikiria."

Twahiru alifikiria. Kisha akashuka na nyundo. Dastani hakuzima hata injini; akaondoka na mzigo.

Hadi adhuhuri malengelenge yalikuwa yamejaa viganjani mwa afisa, na ukuta umelala upande wa Rajabu.

"Kielelezo kimefika ofisini?" Mama Pendo aliuliza.

Twahiru aliitazama barabara ya Newala.

"Kimefika, mama," alisema, akashika kitanda upande wa miguuni, wakirudishe ndani.