Kumtafutia Shangazi Mji wa Bei Nafuu

Jumatatu, 1 Septemba
Krrraaa! Utepe wa kufungia maboksi. Ulisikika nyuma ya sauti ya Shangazi Mwanne kwenye ujumbe wake kutoka Chicago, na tangu jana haujanitoka masikioni. Anastaafu Desemba. Pensheni haitoshi kodi ya kule, kwa hiyo anarudi mtaani kwetu Buyenzi, karibu na Ziwa Tanganyika, kwenye chumba cha mbele alichoachiwa na babu. Chumba CHANGU! Miaka tisa nimelala humo. Kina ufunguo. Kina meza. Nikitolewa, nitalala na dada yangu Saliha, ambaye hujisimulia ndoto zake kwa sauti. Sikubali. Amerika ni kubwa. Lazima kuna mji atakaoumudu.

Jumatano, 3
Nimechambua miji kumi na minne. Hatimaye shahada yangu ya uchumi imepata kazi. Nikapendekeza Dayton. Shangazi akauliza ni wanawake gani watakaomwosha akifa. Nikamjibu kwamba msikiti wa huko una namba ya simu. Akasema hakuuliza namba, aliuliza majina. Majina! Mtu anatafutiwa nyumba, yeye anauliza waosha maiti!

Ijumaa, 5
Dawa imepatikana: jedwali. Alama kumi kila kipengele: kodi, ziwa (analililia Tanganyika), hali ya hewa, msikiti, majirani wa Kiswahili, waoshaji. Erie imeongoza, thelathini na nane kwa sitini. Ziwa lake kubwa kweli. Theluji nimeiandika "ubaridi kiasi". Nimelituma kwenye kikundi cha ukoo, watu arobaini na wawili, ili aone haya kukataa.

Jumamosi, 6
Usaliti! Baba, fundi magari, asiyesoma hata karatasi ya daktari, amelisoma jedwali langu lote akiwa chini ya gari la mteja. Kisha akaongeza mstari: Buyenzi. Kodi bure, kumi. Ziwa, kumi. Waoshaji, kumi: akataja wanawake saba kwa majina, nami nimo! Hamsini na tisa kwa sitini. Alama moja kaikata kwa ajili ya mbu. Saliha, anayeniita Dokta kwa ajili ya ile shahada, alicheka mpaka akakaa chini: "Dokta, umemukatia tike ya ndege we mwenyewe!" Shangazi katuma dua ndefu. Eti mimi ndiye mwenye akili kuliko wote. Anataka nimpokee uwanjani.

Jumapili, 7
Nimetafakari. Jedwali halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kupima miji badala ya vyumba. Nyumba hii ina vinne. Nimevipa alama kwa upepo, utulivu, na ukaribu wa choo kwa magoti ya mtu mzima. Cha Saliha kimeongoza kwa mbali. Changu kimeshika mkia. Jedwali hili jipya nimeshalituma kwa wote arobaini na wawili, na chini nimeacha mstari mmoja mtupu, kwa yeyote mwenye maoni.