Kauli Chanya kwa Mwarobaini

Jumatatu, 23 Septemba

Nimeanza maisha mapya. Nimeamka kabla ya adhana ya alfajiri, nikanawa uso, nikatoka nje kukutana na maumbile. Maumbile yaliyopo hapa kwetu Chanika ni migomba miwili iliyodumaa, rundo la magogo ya Baba, na mwarobaini ulio mpakani mwetu na Bi Hamisa. Nimeuchagua mwarobaini. Migomba ina siafu.

Haya yametokana na Dada Lusungu, aliyekuja shuleni wiki iliyopita kutuzungumzia vipaji. Alisema kila mtu ana chemchemi ya ubunifu ndani yake, nayo hufunguka kwa kauli chanya kila asubuhi na kwa kuwa karibu na maumbile. Wenzangu walisinzia. Mimi niliandika kila neno.

Nina sababu. Ijumaa hii Mwalimu Revelian wa Kiswahili atachagua mmoja wetu wa kidato cha tatu asome shairi lake mwenyewe kwenye mahafali ya kidato cha nne, mbele ya mgeni rasmi. Mada ni mti. Baba ni mchonga vinyago, na hajawahi kukanyaga shuleni kwangu. Anasema mikutano ya wazazi ni ya kwenda kusemwa. Lakini nilipomweleza habari ya shairi aliweka tezo chini. Akasema siku nitakayosoma kitu nilichokitengeneza kwa kichwa changu mwenyewe, atavaa suti na kukaa kiti cha mbele. Suti hiyo aliivaa siku ya ndoa yake, basi.

Kwa hiyo nimeweka viganja kwenye shina, nikanong'ona: Mimi ni chemchemi. Leo maneno yatanijia.

Hayakunijia. Ni siku ya kwanza.

Jumanne, 24 Septemba

Dada Lusungu alisema maumbile nayo hupenda kukumbukwa. Nimeyakumbuka. Nimefunga shina kwa utepe mwekundu uliobaki kwenye michezo ya shule. Nimelinyunyizia marashi ya waridi ya Mama. Kisha, kwa kuwa Mwalimu wa Biolojia alitufundisha kwamba maganda ya mayai yana kalsiamu, nikayapanga kuzunguka mti, mduara safi kabisa. Napenda unadhifu.

Bi Hamisa alitoka na ufagio wake. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Aliutazama utepe, akayatazama maganda, akarudi ndani kinyumenyume. Uzee unamwingia vibaya.

Shuleni nilimkuta Jenipher anatafuna mihogo ya kukaanga. Jenipher ndiye tatizo langu. Mwaka jana alipata alama za juu kwa insha aliyoiandika akiwa amelala kifudifudi. Nilimuuliza kama ameanza shairi. Akasema bado, mada yenyewe inamtia usingizi, labda ataliangalia Alhamisi. Halafu akanisogelea, akanusa, akasema, "Shosti, mbona unanukia msiba? Nani kafa?"

Nikamjibu kwa tabasamu. Sikuruhusu hasi iniingie. Iliingia kidogo.

Maneno bado.

Jumatano, 25 Septemba

Siku mbaya. Bajaji ya Jamali, mtoto wa Bi Hamisa, ilikataa kuwaka asubuhi. Aliisukuma hadi jasho likamtoka, nami nikiwa mtini na kauli zangu. Nilipofumbua macho alikuwa ananitazama. Akaita ndani, "Mama, njoo umwone."

Nilipotoka shule Bi Hamisa alikuwa sebuleni kwetu, hajagusa chai. Alimwambia Mama, "Mama Eufrazia, sie na nyie tumekaa vizuri. Chumvi mnachukua kwangu, moto nachukua kwenu. Kama kuna neno tumewakosea, si mseme tu? Kwa nini mnatumia mtoto?"

Mama akanigeukia. Nikaeleza kwa utulivu, kama nilivyofundishwa kujieleza. Nikasema ni kauli chanya.

Mama akauliza, "Mbele ya mti? Alfajiri? Na mayai?"

Nikamsahihisha kwamba ni maganda, tena kwa ajili ya kalsiamu. Mama alikaa chini, pale pale sakafuni.

Nikasema kuwa watu waliosoma hawaamini uchawi. Mama akasema yeye hajauliza nani anaamini, ameuliza marashi yake yako wapi.

Jioni, saa nilizotenga kwa ajili ya kuandika, wanajumuiya walikuja na rozari zao. Nikawekwa kwenye kigoda katikati ya uwanja, nikaombewa. Upande wa pili wa mwarobaini Bi Hamisa naye alikuwa amemwita ustadhi, ubani unafuka. Wa kwetu walipopandisha sauti, wa kule wakapandisha. Wa kule walipopumua, mwenyekiti wa jumuiya akaongeza wimbo ili wasionekane wameshinda. Moshi wote ulikuja kwangu.

Nilijaribu kuandika kichwani. Nilipata neno moja tu: "Ewe".

Alhamisi, 26 Septemba

Wameukata.

Bi Hamisa alileta mtu na shoka asubuhi na mapema. Baba, ambaye nilitegemea atanitetea, alisimama pembeni akiupima mti kwa jicho. Alisema mwarobaini ukikauka vizuri unachongeka, tena wadudu hawaugusi. Bi Hamisa akamwambia abebe wote, yeye hataki hata jani libaki upande wake. Baba akamshukuru. Sijawahi kuona uso wake una raha vile. Mimi nikapewa kazi ya kukusanya matawi.

Jenipher alipita akielekea shule, akasimama. Akachelewa makusudi. Alimuuliza Bi Hamisa maswali, akamuuliza Jamali, akamuuliza na mwenye shoka kama mti unapoanguka unalia kwanza au unapasuka kwanza. Akaokota jani, akalitafuna, akatema. Kupoteza muda tu. Mti ulipoanza kuinama, mimi nilifumba macho hadi mwisho ili kulinda chemchemi.

Mchana ikagundulika kwamba bajaji ya Jamali haikuwa na mafuta. Aliweka, ikawaka. Hakuna aliyekuja kuturudishia mti.

Ijumaa, 27 Septemba

Nililiandika shairi wakati wa mapumziko, nyuma ya vyoo, mahali pekee penye utulivu. Ubeti mmoja, lakini mizani kamili na vina havikugoma. Nilisoma kwa sauti iliyonyooka:

Ewe mti mtukufu, matunda yako matamu,
Kivuli chako kirefu, chaniongeza fahamu.

Mwalimu Revelian aliniuliza ni mti gani. Nikasema mwarobaini.

Mwalimu akauliza tena, kwa upole, kama mtu anayekupa nafasi ya kukimbia, "Eufrazia, matunda ya mwarobaini ni matamu?"

Sauti ya Jenipher ikatoka nyuma, "Mwalimu, mwarobaini hata mbuzi anaukataa."

Walicheka sana. Nilisema ilikuwa sitiari. Mwalimu akasema sitiari nayo hutaka mtu awe ameuona mti. Nimekaa na mti huo wiki nzima. Nimeushika kwa viganja vyote viwili. Nani kati yao ameushika?

Jenipher akasoma lake. Alikuwa ameliandika asubuhi hiyo kwenye karatasi ya kufungia mihogo, ina mafuta. Sitalinakili hapa. Linaanza: "Mti umeitwa jini, kisa utepe mwekundu." Lilikuwa na ustadhi na jumuiya wanashindana. Lilikuwa na ladha ya jani. Lilikuwa na mti unapasuka kwanza, halafu ndipo unalia.

Amechaguliwa. Ameniambia, mdomo umejaa, kwamba ananishukuru, bila mie asingepata kitu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mahafali. Nilimwambia Baba kwamba sijachaguliwa, asijisumbue. Mama akasema suti imeshapigwa pasi na haiwezi kurudi ndani bila kuonekana na watu. Wakaja. Baba akakaa kiti cha mbele.

Jenipher alisoma vizuri. Hata sikutaka kuliandika hilo. Ukumbi ulianza kucheka kwenye ubeti wa pili, na alipofika mahali mti unapoanguka wote wakanyamaza, nikasikia feni tu. Kisha watu wakaanza kwenda mbele kumtunza, wamama na vigelegele vyao, noti mkononi, mashada ya maua ya plastiki. Nikamwona mtu mwenye suti ya kizamani anapita kati yao. Baba. Alimtunza, akampa na mkono. Alikuwa anapangusa macho.

Mgeni rasmi akauliza kwa kipaza sauti kama binti wa utepe ni wa kweli na kama yupo. Shule nzima ikaninyooshea kidole. Nikasimama. Nikaketi.

Karibu na nyumbani Baba alipunguza mwendo. Kisha akasema, "Mwenzio yule anaona, mama." Akaniwekea mkono begani, akadhani ananifariji. Alisema gogo limeshaanza kukauka, nikitaka atanionyesha namna ya kulishika, nianze kwa kulitazama tu. Nikamwambia nina masomo.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimetafakari kwa makini na kosa nimeliona. Lilikuwa mti. Mti hausogei, haukujibu, hauna macho. Utawezaje kuungana na kitu kisichokutazama? Nilihitaji kiumbe hai.

Mwezi ujao Mwalimu Revelian atachagua shairi la gazeti la ukutani. Sijamwambia Baba, nitamshangaza. Mwalimu anafuga kuku nyuma ya nyumba za walimu, na nimeshampata wangu: mtulivu, mweusi tii, hana hata unyoya mmoja wa rangi nyingine. Ananitazama vizuri sana. Kesho alfajiri, kabla mtu yeyote hajafika, nitamchukua kimya kimya, nimnong'oneze kauli zangu, kisha nizunguke naye darasa letu mara chache ili tuzoeane.

Safari hii hakuna jirani wa kuelewa vibaya. Pale ni shuleni, watu wamesoma.