Muuaji Wetu wa Pasaka Yuko Wapi?

Voss, 14 Aprili

Ndugu Mhariri,

Natumai barua hii inakukuta mzima, umepumzika vyema sikukuu, na jua la mlimani limekuchubua pua kama raia mwingine yeyote mwenye heshima zake. Mimi ni mzima wa mwili. Naitwa Ragnfrid Tveiten, mkaguzi mstaafu wa lifti. Kwa miaka thelathini na miwili nimeandika ripoti za hitilafu bila kumtukana mtu, na leo pia nitajitahidi.

Nakuandikia kuhusu riwaya mliyoitoa kabla ya Pasaka, Kengele ya Bwawani, iliyotungwa na Bi. Eldrid Kvamsøy. Naandika kwa niaba yangu na ya mdogo wetu wa mwisho, Synnøve. Kaka yetu Torgeir, daktari wa meno huko Drammen, bado hajaridhia jina lake liwemo. Nitamsomea kwa simu kabla sijaipeleka posta.

Kwanza uijue sheria ya nyumbani kwetu. Kila Pasaka tunapanda kwenye kibanda chetu cha mlimani, kisicho na umeme, tukiwa na machungwa, paja la mwanakondoo na riwaya ya upelelezi. Riwaya ni moja, inasomwa kwa sauti, kwa zamu, mpaka Jumatatu ya Pasaka. Ijumaa Kuu, kabla ya chakula, kila mmoja anaandika jina la muuaji kwenye karatasi, anaikunja, anaitumbukiza kwenye kopo la kahawa. Atakayepatia anaamua jambo moja la familia, na hakuna rufaa. Sheria hii aliiweka marehemu baba. Alikuwa akisema, "Asiyeweza kumjua mwongo kwenye kitabu, msimpe funguo za nyumba." Kwa sheria hiyo tulipata choo kipya, tukamkataa mchumba mmoja wa Synnøve, na mbwa akaitwa Askofu.

Baba alifariki Novemba. Jambo la mwaka huu likawa kibanda chenyewe: kiuzwe au kisiuzwe. Torgeir anataka kiuzwe. Anasema paa linavuja, magoti yanamsumbua, na yupo bwana mmoja wa Oslo anayekitaka ili aweke beseni la maji moto nje, akae humo na wenzake wakitazama theluji. Mimi na Synnøve tunataka kibaki. Tungepiga kura tungeshinda wawili kwa mmoja, lakini Torgeir angenuna mpaka kaburini, na mimi simtaki kaka wa kununa. Tukakubaliana kitabu kiamue. Kitabu nilikichagua mimi.

Nakiri nilivutiwa. Kijiji kinakaribia kuzamishwa ili lijengwe bwawa la umeme. Mhandisi wa bwawa anakutwa amekufa ndani ya mnara wa kengele uliofungwa kwa ndani, viatu vyake vimejaa maji, na maji yenyewe bado hayajafika kijijini. Niambie, nani angekipita kitabu hicho dukani? Nilikishika kwa mikono miwili. Ndiyo maana uchungu wangu ni mkubwa. Kitabu kibaya tangu mwanzo hakiumi, unawashia nacho jiko tu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jalada. Ni la njano, lina tone la damu, na nyuma mmeandika: "Hutalala mpaka umjue." Tumelala. Synnøve alilala ukurasa wa 212, katikati ya sentensi aliyokuwa akiisoma yeye mwenyewe.

2. Mapenzi. Sina ugomvi na mapenzi, nimeolewa mara mbili. Lakini katika sura ya tisa mpelelezi wenu anampenda mzimu wa mpiga kengele. Mzimu huyo, Ndugu Mhariri, alikuwemo mnarani siku mhandisi alipokufa. Ni shahidi. Kwa kurasa sitini na moja wanatazamana, wanashikana mikono isiyoshikika, na mpelelezi hamwulizi swali hata moja. Zamu ilikuwa ya Torgeir. Alikiweka kitabu magotini, akakiambia, "Muulize basi, mama. Si huyo hapo mbele yako? Muulize tu, aliona nini?" Hakuulizwa.

3. Chombo cha anga. Sura ya kumi na nne inaanza mwaka 2190. Bwawa limekauka, kijiji kimetokeza tena chenye matope, na watu wanapanga foleni kuhamia sayari nyingine. Wazo zuri, silikatai. Lakini mwenye duka je? Mwenye duka ndiye mtuhumiwa wangu. Ukurasa wa 41 aliuza kamba akasema hakuuza. Tangu foleni ile hajatajwa tena, wala duka lake. Mimi nimefanya kazi na lifti. Mtu akibonyeza ghorofa ya tano, lifti ikapita ya tano, ikapita paa, ikaenda zake, sisi wa kazi ile hatuiti ubunifu. Tunaifunga na kuwaita ndugu wa abiria.

4. Samaki. Sura ya ishirini ni mapishi. Kumi na manane, yote ya samaki wa bwawani. Pishi la tatu linaagiza samaki apakwe jibini la kahawia, kisha aokwe kwa muda wa saa mbili na nusu kwenye moto mkali. Synnøve ni mtu wa kutii maandishi. Jumamosi Takatifu tulikula machungwa tukiwa tumesimama nje kwenye theluji, milango yote wazi, moshi ukitoka.

5. Mwisho. Hapa naomba utulie. Ukurasa wa mwisho, polisi mzee anatazama maji na kusema: "Huenda hakuna aliyeua. Huenda maji yalitangulia tu." Tukafungua ukurasa unaofuata. Tukakuta shukrani. Tukazisoma shukrani zote kwa sauti, tukidhani pengine muuaji kajificha humo. Synnøve akasema, "Mimi namshuku huyu anayemkanda mgongo mwandishi. Kashukuriwa mara mbili, kwa nini?" Tangu hapo nimekipitia kitabu upya, mara mbili, na penseli mkononi. Niko tayari kuapa mbele ya hakimu yeyote: ndani ya kurasa 388 hakuna mtu aliyeua mtu. Mchungaji hana hatia, mke wa mchungaji hana hatia, na hata mwenye duka, kwa uchungu mkubwa, sina ushahidi dhidi yake.

6. Kufungwa kwa maduka. Mnajua kama tujuavyo sote kwamba tangu Alhamisi Kuu nchi hii haiuzi hata kiberiti. Mnatuuzia kitabu kisicho na muuaji wakati ambao hatuwezi kununua muuaji mwingine. Nilivaa skii, zile mbao za kutelezea thelujini, nikaenda kilomita nne mpaka kwa jirani, mzee Halldor Rudi, kumwomba aniazime kitabu chochote ambacho mtu anakamatwa mwishoni. Alinifungulia mlango, na Kengele ya Bwawani iko mkononi, kidole kimewekwa kati ya kurasa. "Usiniambie kitu," akasema. "Niko mia tatu na kumi. Naona wanamkaribia." Mzee ana miaka themanini na tisa, Ndugu Mhariri. Nikamwambia nilikuja kuomba chumvi. Sasa nina chumvi ya watu ambayo sikuihitaji, na dhambi ya uongo sikukuu ya Pasaka.

7. Hasara ya familia. Jumatatu ya Pasaka tulikosa muuaji, kwa hiyo tukakosa mshindi, kwa hiyo tukakosa uamuzi. Mimi na Synnøve tukajaribu kukimalizia kitabu wenyewe. Nilimshitaki mwenye duka kwa dakika arobaini. Synnøve akamtetea, akamshitaki mke wa mchungaji, akalia kidogo. Torgeir, ambaye hajaosha sahani tangu afunge ndoa, alisimama mbele ya beseni la vyombo anaosha vyote, hata visafi. Nilimwambia atusaidie, akasema bila kugeuka, "Mnabishania watu wasiokuwepo, dada." Jioni akapakia gari akaenda zake Drammen. Kopo la kahawa nikalichukua mimi, halijafunguliwa, maana kwa sheria halifunguliwi mpaka muuaji ajulikane. Bwana wa Oslo amesema atasubiri jibu mpaka sikukuu ya taifa tarehe 17 Mei.

Nitasema wazi, maana mimi si mtu wa mafumbo: naogopa. Kibanda kikiuzwa, sijui sisi watatu tutakutana wapi. Kwa Torgeir kuna zulia jeupe, watu wanavua mpaka soksi. Kwangu wananiambia kunanuka mafuta ya mashine. Hatukuzoea kukaa sebuleni na kuulizana habari. Sisi tumezoea kusikilizana mtu akisoma. Tangu azikwe baba tumeonana mara moja tu, na ndiyo hiyo mliyotuharibia.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa adabu zote.

Kwanza, Bi. Kvamsøy atuletee karatasi yenye sahihi yake inayomtaja muuaji kwa jina kamili na kazi yake, tuibandike kwenye ukurasa wa 388. Sipendi kumwelekeza mwandishi, lakini nimeambatisha kurasa sita kuhusu mwenye duka.

Pili, kama naye hamjui, basi aandike sura fupi ambayo mpelelezi anauachia mkono wa mzimu, anatoa daftari, na kumwuliza alichokiona. Kurasa mbili zinatosha. Wakitaka kushikana tena baadaye, shauri yao.

Tatu, kuanzia sasa kila riwaya yenu ibandikwe kibao kama tunavyobandika ndani ya lifti: imebeba aina ngapi za hadithi, ina miisho mingapi, na ilikaguliwa lini na nani. Kitabu chenu kilibeba upelelezi, mapenzi, mizimu, anga na samaki. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya wawili mkipakia watano, msishangae kikikwama. Kazi hiyo ya ukaguzi niko tayari kuifanya mwenyewe, nina muda.

Mkikataa, nitalazimika kuliandikia gazeti, kisha waziri wa utamaduni, kisha askofu halisi, si yule mbwa, maana wiki hiyo ya Pasaka ilikuwa yake.

Nisalimie Bi. Kvamsøy, mwambie vile viatu vyenye maji bado naviota. Nisalimie mchoraji wa jalada, wasahihishaji, wapakiaji, na wote hapo ofisini. Nisalimie pia aliyeandika yale maneno ya nyuma. Huyo ningependa siku moja tuonane ana kwa ana.

Wenu katika utaratibu,
Ragnfrid Tveiten

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua. Asubuhi hii nimempigia Torgeir nikamsomea barua yote. Nilipomaliza akarudi kwenye lile la tano, akasema, "Kwa hiyo una hakika kabisa, dada, hakuna aliyeua." Nikamwambia nina hakika, nimepitia na penseli. Akasema, "Haya. Fungua kopo."

Karatasi yake imeandikwa neno moja: Hakuna. Alikuwa ameusoma ukurasa wa mwisho dukani, amesimama, kama anavyofanya tangu akiwa na miaka kumi, na baba hakuwahi kukataza. Basi Torgeir alishinda, na barua yangu hii yote, pamoja na zile kurasa sita, ni ushahidi wake. Jumatatu ile alijua. Tulikuwa tunamshitaki mwenye duka, na yeye anajua kwamba kibanda kiko mikononi mwake, na anaosha vyombo.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema hakumbuki kama mwaka huu tulikuwa na jambo la kuamua. Akaniuliza baba alikuwa akipaka mlango wa kibanda rangi nyekundu ipi, maana umebanduka, na mwezi wa Juni ana nafasi.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nayafuta malalamiko yote isipokuwa lile la samaki. Muuaji msimtafute, na mkimpata msituletee.