Jinsi Tulivyoufisha Mji ili Ufufuke

Inatangazwa kwa furaha kubwa kwamba mji wetu utakufa siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi. Wananchi wote mnaombwa kushirikiana.

Tangazo hilo niliandika mimi, Katibu Msaidizi wa Kamati ya Kufufua Mji, na nalisimamia mpaka leo, koma kwa koma. Wapo waliocheka. Hao ni watu wasioelewa taratibu za ufadhili.

Makao makuu yalikuwa yameahidi kwamba kila mji uliozorota utapewa Kitovu cha Ubunifu: meza ndefu za kufanyia kazi pamoja, intaneti isiyokatika, na mito mikubwa ya kukalia sakafuni, kwa kuwa wataalamu wamegundua kwamba wazo jipya haliji kwa mtu aliyekaa wima. Mito ilitangulia kufika, tukaihifadhi ofisini kwa Mwenyekiti. Vilivyobaki vilisubiri sharti moja tu: mkaguzi aje auone mji umezorota, kwa macho yake mwenyewe.

Tukachagua jengo la posta ya zamani. Lenyewe halikuwa na kasoro: rangi imebanduka, madirisha hayana vioo, ndani popo. Tatizo likawa baraza lake. Palikuwa na msusi. Palikuwa na fundi simu tuliyemwita Chaji. Palikuwa na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, na cherehani yake na mtoto wake wa kunyonya. Wateja wamejaa, redio inaimba, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mwenyekiti alisimama ng'ambo ya barabara, akautazama ule uhai, akasikitika.

"Katibu, huu mtaa unatuangusha."

"Kweli, Mheshimiwa. Hauna hata dalili ya kufa."

"Sasa tutafufua nini?"

Kamati ikakaa. Ikaazimia kwamba, kwa kuwa kilicho hai hakifufuliwi, mtaa uwekwe kwanza katika hali stahiki. Nikatumwa mimi, kwa kigezo kwamba nina ndugu pale.

Nilimkuta shemeji anashona sketi za sare za shule, mtoto amelala mgongoni, mguu unakanyaga cherehani taratibu kama unambembeleza.

"Shemeji," nikasema, "Alhamisi mtapisha. Mtaa unakufa."

"Maskini! Unaumwa nini?"

"Hauumwi. Unakufa kiutaratibu."

Chaji akadakia bila kuinua kichwa. "Na sisi wafiwa tutapewa chochote?"

"Mtapewa Kitovu. Mtakaa pamoja, mtabuni."

"Mbona tumekaa pamoja?" akauliza msusi.

"Mmekaa pamoja kiholela," nikamfafanulia.

Shemeji akakata uzi kwa meno. "Sikiliza, shemeji. Hizi ni sare za darasa zima. Shule inafunguliwa Jumatatu. Nikipoteza siku moja tu, mwalimu mkuu anampa kazi fundi mwingine, na mwakani hanitazami tena. Halafu mimi na huyu," akapapasa mgongo wake, "tutakula ubunifu?"

"Ni kwa faida yenu."

"Haya. Hiyo Alhamisi tukakae wapi?"

Naomba ieleweke kwamba nilijibu kwa mujibu wa mwongozo. "Popote," nikasema, "mradi pawe mahali ambapo hakuna kazi inayofanyika. Msije mkaleta uhai usiotarajiwa."

Mguu ukasimama. Shemeji akamtazama msusi. Msusi akamtazama Chaji.

"Mahali ambapo hakuna kazi inayofanyika," akarudia polepole. "Sawa, shemeji. Tumepajua."

Nilifurahishwa sana na utii huo.

Alhamisi mtaa ulikufa vizuri kupita matarajio. Tulileta majani makavu kwa toroli, tukayamwaga. Mbwa aliyeonekana akitikisa mkia aliondolewa. Watumishi wote wa manispaa, mpaka mpika chai, walipangwa kando ya barabara na kuelekezwa wasikitike. Jua likapanda. Suti zikalowa. Mkaguzi haonekani.

Tulichosahau, na hapa sikosoi mtu, ni kanuni yetu wenyewe: mgeni yeyote rasmi sharti aanzie ofisini kwa Mwenyekiti, asaini kitabu cha wageni. Mkaguzi alikuwa mtu wa kanuni.

Mpika chai ndiye aliyekumbuka. Tukakimbia.

Redio tuliisikia tukiwa bado getini. Meza ya mapokezi ilikuwa na kichwa cha mteja juu yake, nusu kimesukwa. Juu ya meza ya mikutano Chaji alikuwa amefungua simu, na vijana wamemzunguka wanabishana kuhusu betri. Ofisini kwa Mwenyekiti, dirishani penye mwanga mzuri, cherehani ilikuwa inanguruma. Na katikati ya mto mmojawapo wa ubunifu alilala mtoto wa shemeji, mikono kaitupa huku na huku, anapumua kama mwenye nyumba.

Mkaguzi, mama wa makamo, alikuwa ameketi kwenye kiti cha Mwenyekiti, anasubiri koti lake lishonwe kifungo.

"Nani msimamizi hapa?"

"Mimi," akasema Mwenyekiti, akihema.

"Hongera sana! Nimezunguka miji mingi, kila Kitovu naonyeshwa meza tupu. Ninyi mmetoa hata ofisi zenu!"

Mwenyekiti akafungua mdomo. Angekana, ingebidi aeleze alikuwa wapi tangu asubuhi, na yale majani makavu begani yalikuwa ya nini.

"Tuliona... tutoe," akasema.

"Basi hiki ndicho Kitovu, kuanzia leo. Intaneti italetwa hapa hapa. Anayefanya kazi abaki, asiye na kazi apishe. Kamati mna pa kwenda?"

"Wana pao, mama," akajibu shemeji, akimvisha koti. "Posta ya zamani. Pametulia kabisa. Muulize Katibu, yeye ndiye aliyepatuliza."

Nikathibitisha. Ilikuwa kweli.

Jumatatu watoto wa darasa zima walipita na sare mpya, mikunjo imenyooka. Sisi Kamati tuliwatazama tukiwa barazani, tunajipepea kwa ajenda. Hakuna aliyesimama hata kutuuliza njia. Wajumbe wakaanza kupungua, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na udhuru wake.

Juzi nami nikaenda Kitovuni kuomba nafasi. Chaji akanizuia mlangoni.

"Unafanya kazi gani?"

"Katibu Msaidizi."

"Hicho cheo, kaka. Nimeuliza kazi."

"Mwache aingie," shemeji akapaza sauti kutoka ndani. "Mshikishe mtoto, mimi niko na oda hapa."

Taarifa hii, kwa hiyo, naiandika nikiwa nimezama kwenye mto, mtoto amenilalia kifuani, kaikamata tai yangu, na nimekatazwa kujitingisha. Nathibitisha kwamba wataalamu walisema kweli: mtu akikaa hivi, mawazo yanakuja.

Jana alikuja Mwenyekiti. Naye akaulizwa anafanya kazi gani. Akaomba muda akafikirie. Wanaopita posta ya zamani wanasema yuko barazani mpaka sasa, peke yake, anafikiri. Amekaa wima.