Benchi Linalotazama Bata

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kwanza bila kazi. Kiwanda kimehamia zipu. Meneja alituita Ijumaa, akatuonyesha zipu, akaifungua na kuifunga, akasema huu ndio wakati ujao. Mimi, mkaguzi wa vifungo, mtu wa kutupia shati jicho moja na kujua kifungo cha nne kimelegea, nimeondolewa na kitu chenye meno.

Mke wangu hakulalamika. Yuko posta, dirisha la vifurushi, na amezoea kupokea vitu vilivyopondeka. Aliniambia nitembee, nipumzishe akili, mradi nisishinde nyumbani nikigombea redio na mama yake. Mama mkwe husikiliza taarifa ya habari kila inapotoka, kama anayesubiri kutajwa.

Nikaenda bustani ya manispaa. Kumbe kuna bwawa! Kuna bata! Na mbele ya bwawa kuna benchi moja lenye kivuli, mgongo wake umelala kidogo kama linakukaribisha. Nikanunua karanga, nikakaa. Bata mmoja alinitazama kwa jicho la upande, kimeneja kabisa, kisha akaenda zake. Sijafurahi namna hii tangu harusi yangu, na harusini viatu vilinibana.

Nimeamua. Mpaka nitakapopata kazi, benchi hili ndilo ofisi yangu.

Jumanne, 5 Machi

Ofisi imevamiwa. Nimemkuta mwanamume mnene, mwavuli wazi juu ya kichwa ingawa kivuli kipo. Akanisalimia kwa adabu, akasogea, akapangusa nafasi iliyobaki kwa kiganja ili nikae. Hapo ndipo aliponiudhi. Mtu anakaribishwaje kwake?

Alikuwa mwendesha lifti katika jengo refu la bima, mpaka ikaletwa lifti inayojiendesha. Sasa naye anapumzisha akili. Nimempa jina Lifti. Anaongea na bata, anawapa habari za hali ya hewa. Akinyamaza, ni kile kimya cha ndani ya lifti, macho juu, mpaka unaona haya kupumua. Halafu koti lake. Kifungo cha katikati kinaning'inia kwa uzi mmoja. Asubuhi nzima sikuona bata. Niliona kifungo.

Alhamisi, 7 Machi

Jana niliwahi. Yeye alikuwa amewahi zaidi. Leo nikatumia akili.

Kipande cha boksi. Kalamu nene ya mke wangu ya kuandikia vifurushi. RANGI MBICHI, USIKAE. Nikakitundika kwenye benchi mapema, nikajibanza nyuma ya choo cha umma.

Lifti akafika. Akasoma, akainama, akanusa. Kisha akaketi kwenye nyasi bila kinyongo chochote. Mpango umefaulu! Nikajitokeza kwa mwendo wa mtu anayepita tu. Ndipo nikaligundua tatizo: na mimi siwezi kukaa. Watu wanaona, na tangazo linasomeka toka mbali, maana mwandiko wangu ni mzuri. Basi nikasimama karibu yake, tukalitazama benchi tupu mpaka jua likapanda. Akasema manispaa siku hizi inajitahidi sana.

Ijumaa, 8 Machi

Sitaki kuandika habari za suruali.

Basi naandika. Jana jioni fundi rangi wa manispaa alipita bustanini, akaliona tangazo, akachukia kwamba kuna mtu kaanza kupaka benchi bila kumwambia, tena kaliacha njiani. Leo alfajiri akalipaka lote. Kijani. Hayo niliyasikia baadaye. Mimi nilifika nikiwa nimevaa suruali yangu ya heshima, kwa kuwa nilipanga iwe siku ya ushindi. Nikang'oa tangazo langu, nikalikunja, nikavuta pumzi. Lifti akaniita kutoka kwenye nyasi.

"Jirani, hapo pana rangi mbichi."

Nikamjibu kwamba mimi si mtoto. Kuna rangi mbichi na kuna maneno tu, na mimi najua tofauti. Nikakaa. Nikaegemea vizuri, nikakunja nne.

Lifti hakucheka, na hilo limenikera kuliko rangi yenyewe. Alivua koti lake, akanifunga kiunoni, akanisindikiza hadi getini akitembea nyuma yangu ili watu wasione. Nyumbani mama mkwe alinitazama, akazima redio. Sijawahi kumwona akiizima.

Jioni nikakishona kile kifungo cha koti. Si kwa wema. Mtu hawezi kulala nyumba moja na kifungo kama kile.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji kaja. Ni kaka wa mke wangu, karani wa manispaa, na kila neno lake hutoka kama limeshapitishwa na kikao. Ametangaza kwamba bustani inatafuta msimamizi. Kuna sare, kofia, filimbi, na matibabu ya familia. Usaili Jumatano. Ameshanisemea.

Mke wangu akaacha kukata vitunguu. Shemeji alipoondoka alinimiminia chai, akabaki ameshika birika.

"Baba watoto, hii usiichezee. Nimechoka kujifanya sijachoka."

Nikamwahidi. Kwa moyo wangu wote nilimwahidi. Nikapanda kitandani nikiwa mtu mpya, na usingizi ulipokuwa unaninyemelea, wazo likanijia: msimamizi ndiye anayeamua nani akae wapi.

Jumatatu, 11 Machi

Msimamizi hodari hangoji kuajiriwa. Nimetumia boksi zima. KUKAA MWISHO NUSU SAA. MIAVULI IKUNJWE. NI MARUFUKU KUZUNGUMZA NA BATA. Hayakumlenga mtu yeyote. Yametokea tu kumwenea Lifti kuliko wengine.

Nikamrudishia koti. Akakishika kifungo, akakivuta, hakikutikisika. Akauliza nani kakishona. Nikasema nilikuta hivyo. Akaniangalia kitambo, akasema asante, kisha akasoma matangazo yote taratibu, moja baada ya jingine.

Akayatii! Mwavuli akaukunja. Bata akawapungia mkono, kimya. Nusu saa ilipokwisha akainuka, akalizunguka bwawa, akarudi kuanza nusu saa nyingine. Mbaya zaidi, akaanza kuwaelekeza watu wengine kwa ile sauti yake ya lifti: samahani, muda wako umefika, tupishe anayeingia, asante. Watu wakamsikiliza. Wachumba wawili waliokuwa katikati ya ugomvi walisimamishwa wakaondoka wakimshukuru.

Jumatano, 13 Machi

USAILI!

Mama mkwe ameisugua suruali kwa mafuta ya taa. Mistari ya kijani imefifia, lakini sasa nanuka kama jiko la mchina. Kwenye korido ya manispaa, kwenye kiti cha mwisho, nani kakaa? Lifti. Kaliona tangazo la kazi getini. Kavaa koti lile. Akanitakia heri, akaniambia kola yangu iko wazi, akanifungia mwenyewe. Kwa muda mfupi nikashindwa kumchukia. Ikapita.

Ndani walikuwa watatu. Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo. Akauliza uzoefu wangu.

"Miaka kumi na mmoja ya vifungo," nikasema.

Wakatazamana. Mwenyekiti akavua miwani, akauliza kwa upole sana ni vifungo vingapi. Nikasema havina idadi. Vidogo, vikubwa, kila aina. Nikafafanua kwamba watu huviogopa vile vikubwa, lakini vidogo ndivyo vinavyomaliza macho. Mmoja akataka kujua kama vyote nilivimalizia mahali pamoja. Nikasema ndiyo, jengo lilelile, ukuta mrefu, geti la chuma, na chakula mpaka kengele ilie. Akauliza kama wenzangu walikuwa watu wabaya. Nikasema la hasha, wengi wao walikuwa akina mama, wanaimba kutwa. Basi nilitokaje? Nikamwambia ukweli: ilikuja zipu, wakatuachia wote siku moja.

Mwenyekiti akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Tunathamini sana uwazi wako."

Uwazi wangu! Meneja hakuwahi kuniambia neno kama hilo. Nimemwambia mke wangu aanze kuipangia kofia mahali pake.

Ijumaa, 15 Machi

Shemeji amekuja na hakutaka kukaa. Alimvuta dada yake pembeni, akamuuliza kwa nini ukoo haukuambiwa kwamba mumewe alifungwa gerezani miaka kumi na mmoja. Pia alitaka kujua ni lini, maana ndoa yetu ina miaka kumi na miwili na yeye amekula kwetu kila Jumapili.

Vifungo vya mashati, nikamwambia. Vya mashati! Akasema amenielewa, ila muhtasari wa kikao umeshatiwa sahihi.

Kazi amepewa Lifti. Mjumbe mmoja alimwona Jumatatu akiwaongoza watu bustanini, akavutiwa jinsi anavyoyajua matangazo. Kuhusu matangazo yenyewe, wajumbe wamepongezana, kila mmoja akidhani ni kazi ya mwenzake.

Mama mkwe aliyasikia yote kutoka mlangoni, ila ya gereza aliyasikia vizuri zaidi. Nilimweleza mwanzo hadi mwisho. Akasema kila binadamu hukosea, yeye hana neno. Baadaye nikatafuta kijiko cha kukorogea chai. Vijiko vyote vimehamia chumbani kwake.

Mke wangu alicheka. Alicheka hadi akashika meza. Kisha kicheko kikamwisha ghafla, akageukia sinki, akaanza kuosha sahani ambazo zilikuwa safi. Nikachukua kitambaa nikawa nakausha. Tulimaliza zote, na aliponipa ya mwisho vidole vyake vilibaki juu ya vyangu kidogo. Ningeweza kumwambia samahani pale pale. Nikaanza kumweleza jinsi kamati ilivyokosea. Akazima taa ya jikoni.

Jumatatu, 18 Machi

Nimerudi bustanini kichwa juu. Benchi tupu! Lifti amesimama kando ya bwawa na sare yake, kofia imemkaa sawasawa, na kwa kuwa yuko kazini haruhusiwi kukaa. Kwa hiyo mwisho wa yote, nani kashinda? Nikajinyoosha. Nikanunua karanga. Nikawaambia bata kwamba mvua haitanyesha.

Lifti akasogea, akanionyesha tangazo la bata. Nikanyamaza. Baada ya muda akasogea tena, akasema kwa masikitiko kwamba nusu saa yangu imekwisha. Nikamwambia aliyeandika tangazo hilo ni mpumbavu. Akakataa katakata. Akasema hajawahi kufanya kazi chini ya maandishi mazuri kama yale, na angependa siku moja ampe mkono aliyeyaandika.

Kisha akavua kofia. Akasema ameruhusiwa kuchukua msaidizi, na angependa awe mimi. Alishalizungumza na yule mwenyekiti, akamwambia anachojua yeye ni kwamba nilimshonea kifungo na sikutaka hata kushukuriwa. Mwenyekiti kakubali.

"Tutakuwa wawili hapa, jirani. Na mimi nitapata wa kuongea naye, maana bata wamekatazwa."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo. Nikamwona mke wangu mawazoni, nikaiona birika. Halafu nikajiona mimi, mtu wa miaka kumi na mmoja ya ukaguzi, napuliza filimbi kwa amri ya mtu aliyekuwa akibonyeza namba. Nikamshukuru, nikamwambia nina ahadi mahali pengine. Akasema nafasi ataiweka wazi mpaka Ijumaa, iwapo ahadi itaahirishwa.

Nyumbani sikusema. Mke wangu aliuliza siku yangu ilikuwaje. Nikasema bata hawajambo.

Jumanne, 19 Machi

Ugunduzi mkubwa! Maktaba! Kumbe ni bure. Kuna feni, kuna magazeti ya leo, kuna ukimya wa kistaarabu usiosimamiwa na mtu yeyote. Na kule dirishani kuna kiti kimoja chenye mto, cha pekee katika chumba kizima, ambacho ukikikalia unaona barabara yote na hakuna anayekuona. Nilikikalia asubuhi nzima. Nimeshangaa niliwezaje kupoteza wiki mbili kwenye mbao.

Niliinuka mara moja tu kwenda haja. Niliporudi nikamkuta bibi mmoja, mwalimu mstaafu, anajaza fumbo la maneno. Akanitazama juu ya miwani, akatabasamu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa nimekaa hapo, maana anaweza kuhama mara moja. Nikamwambia hapana, akae tu.

Nimewaza njia nzima nikirudi. Bibi mwenyewe anaonekana mwoga wa maradhi. Kila akifungua ukurasa anafuta vidole kwa leso.

Kesho naanza kukohoa.