Ombi la Kuachiwa Kompyuta Inayochelewa Kuwaka

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima, na kukuomba radhi kwa kukuandikia barua ilhali kati ya meza yako na yangu kuna kabati moja tu na ndoo ya karatasi. Ningeweza kusimama tukazungumza. Lakini mara mbili nilizosimama wiki hii ulikuwa unatazama kioo, ukaniinulia kidole kimoja cha kuniambia ningoje, nami nikangoja hadi kidole kikashuka chenyewe, ukiwa umeshanisahau. Barua hii nimeiandika kwa kalamu, kwenye karatasi ya mistari, ili isije ikaniomba ruhusa ya kusasishwa katikati ya sentensi.

Inahusu tangazo lako la Jumatatu, lile lililobandikwa juu ya birika la chai. Linasema mambo mawili. La kwanza, kompyuta zote za chumba cha habari ziwe zimewekewa mfumo mpya ifikapo Ijumaa. La pili, kwa kuwa mfumo huo unawaka mara moja, kila mwandishi awe ameketi na ameanza kazi saa mbili kamili asubuhi. Ukurasa ambao mwenyewe hayupo kitini saa hiyo utapewa mafumbo ya maneno. Ukurasa wa namna hiyo ni mmoja, na wote tunaujua. Ni "Kona ya Mtaa", ambao nimeuandika kwa miaka kumi na tisa.

Kwa ninavyofahamu, kompyuta iliyobaki na mfumo wa zamani ni yangu peke yake. Naomba ibaki hivyo. Sababu nitazipanga kwa namba, kama nilivyokufundisha ulipokuja hapa kujifunza kazi.

Kabla ya hapo, haki itendeke. Nimehoji pande zote. Dada anayepanga kurasa, tunayemwita Milimita kwa sababu ambazo kila aliyewahi kumpelekea kichwa cha habari kirefu anazijua, anasema kazi iliyokuwa ikimfikisha saa saba mchana sasa anaimaliza saa nne. Fundi wa kompyuta anasema mfumo wa zamani ni nyumba isiyo na komeo. Mwizi yeyote wa mtandaoni anasukuma mlango na kuingia. Nilimjibu kwamba mwizi huyo akija kwangu atasubiri dakika kumi na moja kama sisi wengine, na huenda akakata tamaa. Fundi alicheka kupita kiasi cha utani wenyewe. Mama watoto, nilipomsimulia, alisema tatizo si mashine, ni miguu yangu: "Wewe hata ukiwekewa ndege mezani, utashuka ngazi kwanza." Maoni yake nimeyaweka hapa kwa ajili ya uwiano tu.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Kasi. Kompyuta ya Milimita inawaka kwa sekunde ishirini. Nimesimama nyuma yake nikahesabu. Yangu inachukua dakika kumi na moja, na hapa sitii chumvi: nimepima kwa saa ya mkono siku ishirini na tisa za kazi, yaani wiki sita kasoro siku moja ya ruhusa. Haijawahi kupungua dakika kumi wala kuzidi kumi na tatu. Naibonyeza saa mbili kamili. Wakati inajikusanya, mimi nashuka ngazi. Namsalimia mlinzi getini, ambaye anajua gari gani limeingia ofisi za jirani na limetoka na nani. Navuka barabara kwa kinyozi, ambaye wateja wake wa asubuhi wanaongea kwa kuwa wamefumba macho. Narudi kupitia kwa fundi cherehani, mama wa makamo mwenye chumba chini ya ngazi zetu, ambaye haulizwi swali. Unasimama tu mlangoni, anaendelea kushona na kusema. Nikipanda juu, mashine iko tayari na mimi nina habari.

Katika habari thelathini za mwisho za "Kona ya Mtaa", ishirini na saba zimetoka kwenye mzunguko huo. Utakumbuka habari ya shule mbili kuunganishwa. Tuliitoa wiki mbili kabla wazazi hawajaambiwa. Haikutoka wizarani. Fundi cherehani alikuwa ameagizwa sare mia mbili za rangi ambayo hakuna shule inayoivaa, akaniuliza kama mimi naijua. Wewe mwenyewe ulinipongeza mbele ya watu, na ukasema tuna vyanzo vya ndani. Chanzo kilikuwa na sindano mdomoni.

2. Tangi. Jumanne ya wiki iliyopita, saa mbili na dakika sita asubuhi, tangi la maji lililo juu ya paa letu lilidondoka uani. Nasisitiza: paa letu, ua wetu. Mimi sikuwapo, nilikuwa nimempeleka mama mkwe kupimwa macho, na ruhusa ulinipa kwa maandishi. Wafanyakazi tisa walikuwa chumba cha habari, wote wameketi, wote wameanza kazi, kama unavyotaka. Hakuna aliyekwenda dirishani. Yule mwenzetu wa habari za jiji anakiri alisikia kishindo, lakini alidhani ni mfumo mpya, kwa sababu unalia kwa kila jambo. Gazeti la wapinzani lilikuja, likapiga picha sita, likamhoji mlinzi wetu, likaondoka. Kesho yake tulinunua nakala ili kujua kilichotupata. Mlinzi ametoka vizuri kwenye picha na ameikata akaibandika kibandani.

3. Maswali. Mfumo mpya unauliza mno. Asubuhi moja nilihesabu kwenye kioo cha Milimita: "Je, una uhakika?" mara kumi na saba kabla ya chai. Huyu ni mwanamke ambaye katika miaka kumi na miwili sijamwona akiwa na shaka. Aliwahi kukata hotuba ya waziri katikati ya neno kwa kuwa nafasi ilikuwa imekwisha. Sasa anashika kijiko cha sukari, anakitazama, anakirudisha. Juzi mumewe alipiga simu kuuliza kama atakula mchana nyumbani, akamjibu, "Nikumbushe baadaye." Shemeji yetu amekuja hapa mara mbili tangu siku hiyo, bila sababu ya maana, na kila mara anakaa kidogo na kumwangalia usoni.

4. Lalamiko hili lilihusu rangi ya vitufe. Nimelifuta baada ya kutafakari. Namba nimeiacha usije ukadhani sijui kuhesabu.

5. Kumalizia watu sentensi. Mfumo mpya hausubiri ufike mwisho. Ukiandika maneno mawili, unakuwekea la tatu, na ukiwa na haraka linakwenda hivyo hivyo. Ndivyo tulivyochapa, kwenye ukurasa wa matangazo ya vifo, kwamba marehemu "ameacha kundi", kama simu inavyotangaza mtu akijitoa kwenye kikundi cha ujumbe, badala ya mjane na watoto wanne. Kaka wa marehemu alikuja juu, akagonga meza ya mapokezi, akataka kumwona mkubwa. Mjane alimfuata nyuma polepole, akamwambia, "Shemeji, tulia. Ndiyo habari ya kweli pekee iliyowahi kuandikwa juu yake." Kisha akaomba nakala sita. Mara hii tuliponea kwake. Sidhani kama kila mjane ana ucheshi huo.

6. Taarifa. Naambiwa mfumo huu unakuletea kila asubuhi orodha inayoonyesha nani amegusa kitufe dakika gani. Hapa, Ndugu Mhariri, naomba niache utani kwa aya moja. Kazi yetu haianzi kwa kugusa kitufe. Inaanza pale mtu anapokuambia kitu ambacho hakupanga kukuambia. Nikikaa kitini saa mbili kamili, saa tatu nitakuwa nimesoma yaleyale ambayo kila gazeti limesoma, na "Kona ya Mtaa" haitahitaji kupewa mafumbo ya maneno. Itakuwa imekufa kabla hujaipa. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Ningependa ukurasa huo nimwachie mtu ukiwa hai.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo:

(a) Kompyuta yangu isiguswe.

(b) Waandishi wengine wawili warudishiwe mfumo wa zamani, kwa kupokezana kila wiki, ili saa mbili asubuhi gazeti liwe na watu watatu nje ya jengo. Tangi likidondoka, mmoja angalau alikwepe.

(c) Ikiwa (b) haiwezekani, fundi aagizwe kuuchelewesha mfumo mpya kwa dakika kumi na moja. Kwa kuwa ni wa kisasa, sidhani kama utashindwa kazi ambayo wa zamani unaifanya bila kufundishwa.

(d) Ikiwa (c) haiwezekani, umeme wa ghorofa yetu ukatwe kila siku kuanzia saa mbili kamili. Nimeongea na mlinzi. Anajua swichi ilipo na yuko tayari.

(e) Kompyuta yangu itambuliwe rasmi kama Mwandishi Mwandamizi, kwa mchango wake katika habari ishirini na saba. Haihitaji kadi ya kazi, ila ingestahili kiti, maana cha kwangu kimevunjika mgongo tangu mwaka juzi na hilo nalo nimeliandikia barua.

Nakushukuru kwa muda wako, ambao najua sasa unapimwa. Nisalimie shemeji na watoto, hasa yule mkubwa anayetaka kuwa mwandishi. Mwambie anunue viatu kwanza. Wasalimie pia mabwana wa bodi, wahasibu wa ghorofa ya juu, na mama anayetuletea chai, ambaye ndiye pekee aliyesoma tangazo lako lote kwa kuwa lilimzibia swichi ya birika.

Ni mimi, mwandishi wako wa "Kona ya Mtaa",
meza ya dirishani.

N.B. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga jana jioni, na leo imenibidi niifungue. Asubuhi hii, saa mbili kasorobo, nilimkuta fundi wa kompyuta ameinama chini ya meza yangu, akitafuta bisibisi aliyoisahau. Nilimuuliza aliisahau lini, wakati mashine yangu hajawahi kuigusa. Alikaa chini sakafuni, akanitazama kama daktari anayetafuta pa kuanzia. Akasema, "Mzee, yako ndiyo niliyoanza nayo. Wiki sita zilizopita, siku ya Jumamosi." Aliirudisha picha ileile ya zamani kwenye kioo, akazima maswali, kengele na ule umaliziaji wa sentensi, akanyamaza. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu, "Nilijua utaandika barua."

Nikamwambia haiwezekani, nimepima, ni dakika kumi na moja. Akaniuliza tangu nibonyeze hadi nini. Nikamwambia, hadi nirudi. Alinisogezea kiti changu kibovu, akaniambia bonyeza, kisha kaa. Nilivua saa ya mkono, nikaiweka mezani. Sekunde ishirini na mbili. Anasema hata ule mfumo wa zamani haukuwahi kuzidi dakika mbili. Miaka ishirini na sita nimewaambia wote waliopita hapa, wewe ukiwemo, mtu asiandike jambo ambalo hakulishuhudia. Mashine yangu ikiwaka, sijawahi kuwapo hata siku moja.

Kwa hiyo nafuta lalamiko la 1, na pamoja nalo ombi (a), (b), (c) na (d). Habari ya shule iliandikwa kwa mfumo mpya. Ombi (e) nalo nalifuta, isipokuwa kiti. Fundi anasema pia kwamba ile orodha yako imenitaja kila siku niliyokuja kazini kwa wiki sita: saa mbili na dakika kumi na moja hivi. Ulikuwa unajua, na hukuniita. Hilo nimeliandika kwenye kumbukumbu zangu, upande mzuri.

Kilichobaki ni kwamba dakika zile si za mashine, ni zangu, na sina kisingizio tena cha kuziombea. Naziomba hivyo hivyo.

Naongezea jambo moja, kisha nifunge bahasha. Nimetoka chini sasa hivi. Fundi cherehani anaulizia yale mapazia ya ofisi mpya uliyomwagiza jana: yawe na kitambaa cha ndani au hapana? Amepima madirisha kumi na manne na anasema jengo ni zuri, liko karibu na stendi. Nimemwahidi kukuuliza wewe, kwa kuwa sisi huku juu hatujaambiwa kwamba tunahama. Habari hiyo nimeshaianza. Kesho nitakuwa mezani kwangu kuanzia saa mbili na dakika kumi na moja, ukipenda kutoa maoni yako.