Malalamiko Dhidi ya Sista Aliyevunja Kufuli la Stoo ya Dharura

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Shikamoo, na pole kwa msongamano wa wodini. Mimi ni kijana wako mtunza stoo ya dharura, yule wanayemwita Bwana Komeo. Sina kisomo kikubwa, ila miongozo yote ya magonjwa ya mlipuko nimeisoma mwenyewe, mpaka kurasa za nyuma ambazo hata waandishi wake sidhani kama walizifikia. Ndiyo maana roho inaniuma.

1. Jumatatu, mchana kweupe, sista wa wodi ya pili alivunja kufuli langu kwa nyundo, akabeba barakoa, glavu na sabuni. Eti wodi nzima inakohoa. Nikamwonyesha maandishi kwenye boksi: kwa dharura tu. Akanijibu, "Mdogo wangu, kwani hawa wamekuja kuimba kwaya?" Mbele ya wafagizi. Wakacheka.

2. Kikohozi chenyewe hakijatangazwa. Mlipuko hutangazwa kwa sahihi ya mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, naye hawezi kusaini kwa sababu kalazwa wodi ya pili, anakohoa. Sasa kosa langu liko wapi?

3. Miaka mitatu nimezilinda barakoa zile, hata vumbi halijazigusa. Wageni walikuja wakapiga nazo picha, wakatusifu kwamba tumejiandaa. Tukizitumia, tutasema tumejiandaa na nini?

4. Sista anawafundisha watu kunawa mikono kila saa. Sabuni ya dharura itaisha kabla dharura haijafika. Ikifika itatukuta na mikono safi na stoo tupu. Aibu gani hiyo?

Kwa hiyo naomba sista aandikiwe onyo, nyundo itaifishwe, na ugonjwa wowote ujao ulete taarifa siku kumi na nne kabla. Kwa upande wangu nimeshafunga kufuli jipya, chuma kinene, na ufunguo nimempelekea mwenyekiti. Tangu jana kahamishiwa chumba cha kutengwa, nao umo mfukoni mwake. Kinachoingia humo hakitoki. Hata sista kanyoosha mikono.

Nisalimie madaktari wote, wapishi, wafagizi (hata waliocheka), na wagonjwa wanaosubiri tangazo kwa utulivu.

Wako mtiifu kupita kiasi,
Mtunza Stoo

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mdogo wangu kaja mbio. Mama anakohoa tangu alfajiri, sasa hata jina langu halimalizi, na nyumbani tunalala chumba kimoja sote. Nimeligonga kufuli kwa jiwe mpaka mkono umevimba. Ni imara kweli. Tafadhali mtume sista. Aje na nyundo.